Mtoto akisema goti linauma, usimwambie ajikaze

Baada ya swala ya alasiri, viwanja vya Tanga hujaa watoto. Kuanzia Tangamano hadi Makorora, kutoka Raskazone hadi vijiji vya pwani ya Pangani na Mkinga, kila penye uwazi pana mpira. Wavulana wengi hucheza soka, wasichana wengi hucheza netiboli au rede, na hapa na pale utawakuta watoto wameshika raketi uani wakicheza mpira wa vinyoya, kamba ya kuanikia nguo ndiyo wavu wao.

Magharibi ikiingia, mmoja wao hurudi nyumbani anachechemea.

"Mama, goti linaniuma."

"Jikaze mwanangu, utapoa," hujibu mama ambaye yuko jikoni na mikono imejaa unga. Baba naye huongeza kuwa mwanamichezo halii. Usiku goti hukandwa kwa maji ya moto, asubuhi mtoto humeza kidonge cha maumivu, na jioni yuko uwanjani tena.

Jibu hilo hutolewa kwa upendo. Wazazi wengi walilelewa hivyo na wakakua. Lakini kwa mtoto anayecheza karibu kila siku, neno "jikaze" linaweza kumgharimu goti, na goti likishaharibika ni vigumu sana kurudi kama lilivyokuwa. Safari ya mchezaji mmoja wa India, Saina Nehwal, inaonyesha vizuri mambo mawili: kile ambacho mzazi anaweza kumjengea mtoto, na kile ambacho hata mzazi mwenye moyo mkubwa hawezi kukinunua mara ya pili.

Binti wa skuta ya alfajiri

Familia nyingi za Tanga zinaijua India kwa filamu zake, kwa majirani wenye asili ya huko na kwa jamaa waliopelekwa huko kutibiwa. Wasichokijua wengi ni kwamba mpira wa vinyoya, au badmintoni, ni mchezo wenye mashabiki wengi sana nchini humo, na aliyewafanya wazazi wengi wawapeleke mabinti zao uwanjani ni Saina.

Alizaliwa Machi 17, 1990 katika mji wa Hisar, jimbo la Haryana, kaskazini mwa India. Kwa miaka mingi jimbo hilo limetajwa kwa kuwa na idadi ndogo ya watoto wa kike ikilinganishwa na wa kiume, kwa sababu familia nyingi zilitamani wavulana. Baba yake, Harvir Singh, alikuwa mtumishi wa chuo kikuu cha kilimo. Mama yake, Usha Rani, aliwahi kucheza vinyoya katika ngazi ya jimbo.

Mwaka 1998 baba alihamishiwa Hyderabad, kusini mwa nchi. Saina, akiwa na miaka minane, alijikuta katika mji ambao lugha yake haijui na marafiki hana. Wazazi wakampa raketi. Kocha aliyemwona akicheza aliona ana kipaji, akawaomba wamlete mazoezini kila siku.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Uwanja ulikuwa zaidi ya kilomita 20 kutoka nyumbani, mbali kuliko kutoka Pongwe hadi Tanga mjini. Kila alfajiri, kabla ya shule, baba alimpakia binti yake kwenye skuta. Mtoto alikuwa anasinzia njiani, hivyo mama akaanza kupanda nyuma ili amshike asianguke. Watu watatu kwenye skuta moja, kwenda na kurudi, siku baada ya siku.

Gharama nazo zikapanda. Kinyoya cha mashindano hutengenezwa kwa manyoya 16 ya bata bukini na kina uzito wa gramu tano hivi tu. Huchakaa haraka, na mchezaji anayefanya mazoezi kila siku humaliza boksi kwa boksi. Ongeza raketi, nyuzi, viatu na nauli za mashindano. Baba alilazimika kugusa akiba yake ya uzeeni.

Njia ya kupanda

Kutoka hapo Saina alichukuliwa na kocha Pullela Gopichand, jina kubwa katika mchezo huo. Mwaka 2001 Gopichand alitwaa ubingwa wa All England, Muhindi wa pili kufanya hivyo baada ya Prakash Padukone aliyeutwaa 1980. Kabla ya ubingwa huo alikuwa amechanika kano ya goti na kufanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja. Alipotaka kujenga kituo cha mazoezi huko Hyderabad aliweka rehani nyumba yake.

Matunda yakaanza kuonekana. Mwaka 2006, akiwa na miaka 16, Saina alishinda mashindano ya wazi ya Ufilipino. Mwaka 2008 alikuwa bingwa wa dunia wa vijana, na mwaka huohuo akafika robo fainali ya Olimpiki ya Beijing, mwanamke wa kwanza wa India kufika hapo katika mchezo huo. Mwaka 2010 alichukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola mbele ya watu wake jijini Delhi. Mwaka 2012 akaleta shaba ya Olimpiki kutoka London, medali ya kwanza ya Olimpiki ya India katika vinyoya. Mwaka 2015 akawa namba moja duniani.

Nyuma yake wakaja wengine. Maarufu zaidi ni P. V. Sindhu, binti wa wazazi waliocheza voliboli ya taifa, ambaye alishinda fedha ya Olimpiki mwaka 2016, shaba katika Olimpiki ya Tokyo na ubingwa wa dunia mwaka 2019. Afrika Mashariki nayo haiko nje ya mchezo huu: Uganda ilimpeleka Edwin Ekiring katika Olimpiki za 2008 na 2012.

Magoti yaliyoamua mechi

Hiyo ni hadithi ya medali, lakini ndani yake ipo hadithi nyingine ambayo husimuliwa kidogo.

Agosti 2012 jijini London, katika mechi ya kugombea shaba, Saina alikuwa anapoteza. Mchina Wang Xin alishinda seti ya kwanza 21 kwa 18 na alikuwa ameanza ya pili. Goti lake likamsaliti. Alijaribu kuendelea, akashindwa, akatoka. Medali ikaenda India.

Miaka minne baadaye, katika Olimpiki ya Rio, ilikuwa zamu ya Saina. Alikwenda akiwa miongoni mwa wanaotarajiwa kupata medali, akatolewa mapema katika hatua ya makundi huku goti likimuuma. Aliporudi nyumbani alifanyiwa upasuaji.

Wengi walidhani amekwisha. Januari 2017, miezi mitano tu baada ya upasuaji, alishinda mashindano nchini Malaysia. Mwaka huohuo alipata shaba ya ubingwa wa dunia, na Aprili 2018 akamshinda Sindhu katika fainali ya Jumuiya ya Madola kule Gold Coast, Australia. Januari 2019 alishinda tena, nchini Indonesia, lakini kwa namna aliyokwishaiona: mpinzani wake katika fainali, Mhispania Carolina Marín, alikuwa anaongoza alipoanguka na kuumia goti.

Marín alipona, akaumia goti la pili mwaka 2021 na kukosa Olimpiki ya Tokyo. Agosti 2024 jijini Paris alikuwa anaongoza katika nusu fainali ya Olimpiki, goti likakatika tena. Alitoka uwanjani akilia. Mchina aliyekuwa akicheza naye, He Bingjiao, alipopanda jukwaani kupokea medali ya fedha alishika beji ndogo ya Hispania kwa heshima yake.

Na aliyeshinda dhahabu siku hiyo, An Se-young wa Korea Kusini, badala ya kufurahia tu, alisema hadharani kuwa jeraha lake la goti halikuchukuliwa kwa uzito na waliopaswa kumtunza. Hata bingwa wa Olimpiki alikuwa na kilio kilekile cha mtoto wa Makorora: nilisema naumia, sikusikilizwa.

Saina alicheza mashindano ya kimataifa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mwaka 2024, akiwa na miaka 34, alieleza kuwa gegedu la goti lake limeharibika na ana ugonjwa wa viungo, ule ambao pwani huitwa baridi yabisi na wengi huuhesabu kuwa ni wa wazee. Alisema mtu akiwa katika hali hiyo ni vigumu kufanya mazoezi ya saa nane au tisa kwa siku.

Goti hufanya kazi gani

Goti ni mahali ambapo mfupa wa paja unakutana na mfupa wa ugoko, na kifuniko kidogo cha mfupa kikiwa mbele. Ncha za mifupa zimevikwa gegedu, kitu laini na cheupe kama kile unachokiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Kazi yake ni kuzuia mfupa usisuguane na mfupa. Gegedu halina mishipa ya damu, ndiyo maana likichubuka hupona kwa shida sana.

Katikati ya goti kuna kano zinazopishana kama herufi X, zinazozuia goti lisichomoke mbele au nyuma. Kano hizi hukatika mara nyingi bila mtu kuguswa: mchezaji anaruka, anatua vibaya, au anageuka ghafla huku mguu umebaki chini. Anasikia kitu kama "pa!", na baada ya saa chache goti limevimba.

Mchezaji wa vinyoya hufanya kitu kimoja mara mamia kwa siku: anapiga hatua ndefu mbele, anakunja goti, anajirudisha. Kila mara uzito unaopita gotini ni mara kadhaa ya uzito wa mwili wake. Mchezaji wa netiboli hufanya hivyo anapodaka na kusimama ghafla. Mcheza soka hufanya hivyo anapopiga chenga.

Mtoto ana tofauti moja kubwa na mtu mzima. Mifupa yake bado inarefuka, na karibu na ncha zake kuna sehemu laini za ukuaji ambazo ni dhaifu kuliko kano zenyewe. Jeraha ambalo kwa mtu mzima ni kuteguka tu, kwa mtoto linaweza kugusa sehemu hizo na kuathiri namna mguu unavyokua.

Maumivu si ya namna moja

Si kila maumivu ya goti ni hatari. Watoto wa kati ya miaka 10 na 15 wanaocheza sana, hasa wakati wanarefuka kwa kasi, hupata uvimbe mgumu chini kidogo ya kifuniko cha goti, pale kano inaposhika mfupa wa ugoko. Huuma wakiruka, wakipanda ngazi au wakipiga magoti, hata kwenye swala. Hali hii huisha yenyewe mtoto anapomaliza kukua, lakini inataka kupunguziwa mazoezi. Kumlazimisha mtoto acheze hivyohivyo humrefushia mateso.

Maumivu ya usiku ambayo huja miguu yote miwili, yakaisha asubuhi na mtoto akaamka anakimbia, mara nyingi si ya kutisha.

Lakini mzazi ampeleke mtoto kituo cha afya bila kungoja akiona dalili hizi:

Goti limevimba ndani ya saa chache baada ya kuumia, au mtoto alisikia mlio.

Hawezi kukanyagia mguu, au goti linakwama na halinyooki.

Goti linalegea, kama linataka kuchomoka anapotembea au kushuka ngazi.

Goti ni la moto, jekundu, na mtoto ana homa. Hii inaweza kuwa maambukizi ndani ya kiungo, na ni dharura ya siku hiyohiyo, si ya kesho.

Maumivu yanamwamsha usiku katika sehemu moja ileile kwa wiki kadhaa, au mtoto anakonda. Mara chache sana, lakini hutokea, hii huwa dalili ya saratani ya mfupa.

Anachechemea kwa zaidi ya wiki mbili bila sababu inayojulikana.

Lipo jambo lingine ambalo familia nyingi husahau. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na sikoseli. Mtoto anayeumwa mifupa na viungo mara kwa mara, mwenye macho ya manjano au anayepungukiwa damu, asihesabiwe kuwa mvivu wa mazoezi. Apimwe. Akiwa nayo bado anaweza kucheza, lakini kwa ushauri wa daktari, kwa kunywa maji ya kutosha na kupumzika kila anapochoka.

Siku mbili za kwanza

Mtoto akiumia uwanjani, la kwanza ni kutoka. Asirudi kumalizia mechi hata kama kocha anamhitaji na mashabiki wanaimba.

Goti liwekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, kisha litolewe, na lirudiwe kila baada ya saa mbili au tatu siku hiyo. Barafu ya mifuko inayouzwa madukani inatosha. Mguu ufungwe bandeji isiyobana sana, na mtoto alale akiwa ameuegemeza juu ya mto.

Katika siku mbili hadi tatu za kwanza, goti lisikandwe kwa maji ya moto na lisichuliwe. Wazee wetu wa pwani wana mikono mizuri ya kukanda, lakini jeraha bichi likipashwa moto na kusuguliwa huvimba zaidi, na kama kuna kano iliyokatika au mfupa uliovunjika, kuvuta na kunyoosha huongeza madhara.

Dawa za maumivu zina mahali pake. Parasetamo kwa kipimo cha umri na uzito wa mtoto inafaa. Lakini kumpa mtoto diklofenaki au ibuprofeni kila asubuhi ili jioni aweze kucheza ni kuzima kengele wakati nyumba inaungua. Dawa hizo zikitumiwa ovyo huumiza tumbo na figo pia.

Kwa wakazi wa mkoa wa Tanga safari huanza zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, na anayehitaji zaidi hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Upasuaji mkubwa wa magoti hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam, ambako goti hutibiwa hata kwa matundu madogo bila kufunguliwa lote. Ni safari ndefu na ina gharama. Kuwahi mapema huiokoa familia na safari hiyo.

Ratiba ya mtoto ihesabiwe

Mtoto wa pwani ana siku ndefu. Anaamka alfajiri, anakwenda shule, akirudi anakwenda madrasa, halafu mazoezi. Akiwa na kipaji anaitwa na timu ya shule inayojiandaa kwa UMITASHUMTA au UMISSETA, anaitwa na timu ya mtaa, na Jumapili kuna bonanza. Kila kocha anahesabu saa zake mwenyewe. Hakuna anayehesabu saa zote za mtoto. Mwenye kazi hiyo ni mzazi.

Madaktari wa michezo wana kanuni rahisi ya kukumbuka: saa za mazoezi na mashindano kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Mwenye miaka 11 asizidi saa 11, shule na mtaani kwa pamoja. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri pia mtoto apumzike siku moja au mbili kila wiki, na kwa mwaka apate jumla ya miezi mitatu bila mchezo wake mkuu, si lazima kwa mfululizo. Kinashauri pia asifungwe kwenye mchezo mmoja tu kabla ya miaka 15 au 16 hivi. Saina mwenyewe alifanya karate kabla ya kushika raketi.

Usingizi ni sehemu ya mazoezi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa usiku, na kijana wa 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Adui mkubwa wa usingizi siku hizi ni simu. Baada ya Sindhu kushinda medali Rio, kocha Gopichand alisema alikuwa amemnyang'anya simu kwa miezi mitatu. Kama mchezaji wa miaka 21 aliweza kuishi bila simu kwa miezi mitatu, mtoto wa darasa la sita anaweza kuiacha sebuleni saa tatu usiku.

Chakula hakitaki vitu vya dukani. Samaki, dagaa, maharage, kunde, maziwa, mayai yanapopatikana, mchicha na matembele, na machungwa ya Muheza yanajenga mifupa na misuli vizuri. Tatizo kubwa ni mtoto kwenda mazoezini akiwa na chai na andazi la asubuhi tu. Misuli yenye njaa huchoka haraka, na misuli ikichoka, mzigo wote hubebwa na goti.

Mabinti wana hatari zaidi

Katika michezo ya kuruka na kugeuka, wasichana hukatika kano ya katikati ya goti mara mbili au zaidi kuliko wavulana. Sababu ni kadhaa: namna nyonga zilivyo, namna wanavyotua magoti yakielekea ndani, na ukweli kwamba wasichana wengi hawafundishwi mazoezi ya nguvu.

Hili si sababu ya kumtoa binti uwanjani. Wengi hutolewa tayari kwa sababu nyingine wanapobalehe, na afya yao huumia kwa hilo. Ni sababu ya kumwandaa. Mazoezi ya kuamsha mwili kabla ya mchezo, kama yale ya FIFA yanayochukua dakika 20, yamethibitika kupunguza majeraha kwa theluthi moja au zaidi yakifanywa mara mbili au tatu kwa wiki. Hayahitaji vifaa: kukimbia taratibu, kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua kimya magoti yakiwa yamekunjwa na kuelekea vidole vilipo. Binti anaweza kuyafanya akiwa na suruali ndefu na hijabu yake ya michezo bila tatizo lolote.

Mama amuulize binti yake kuhusu hedhi pia. Binti mwanamichezo ambaye siku zake zilikuwa zimeanza kisha zikakatika kwa miezi mitatu huenda anafanya mazoezi mengi na kula kidogo. Mwili wake unaanza kukosa nguvu za kujenga mifupa. Hapo anahitaji kupelekwa hospitali, si pongezi kwa kuwa mwembamba.

Cha kuiga kutoka kwa wazazi wa Saina

Ni rahisi mzazi kusoma habari za skuta ya alfajiri na kuona kuwa siri ya mafanikio ni kusukuma. Tazama tena. Mama alipanda nyuma ya skuta kwa sababu mtoto wake alikuwa anasinzia. Aliona uchovu wa mtoto na akafanya kitu juu yake.

Hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kuwa goti la Saina lingedumu zaidi kwa njia nyingine. Alikuwa mchezaji wa dunia, alichagua mzigo huo akiwa mtu mzima na alizungukwa na makocha na madaktari. Mtoto wa Ngamiani hana timu hiyo. Ana mama, baba, shangazi au bibi anayemwona akiingia mlangoni jioni.

Kwa hiyo jioni mtoto aingiapo, mzazi amtazame anavyotembea kabla hajamuuliza matokeo. Akisema anaumia, aulizwe maswali manne: ni wapi hasa, ilianza lini, inauma zaidi ukifanya nini, na je, usiku inakuamsha? Kisha aambiwe neno ambalo watoto wengi wanamichezo hawalisikii: "Kesho pumzika, mwanangu. Uwanja utakusubiri."

Kocha akija kuuliza mbona mtoto hakuja, mzazi asimung'unye maneno. Amwambie goti linauma, anapumzishwa, na akipona atarudi. Kocha mwema ataelewa. Asiyeelewa, ni afadhali mtoto amkose yeye kuliko kulikosa goti.

Kati ya watoto wote wanaocheza jioni hii Tanga, watakaofika Olimpiki ni wachache mno, pengine asiwepo hata mmoja. Lakini wote watahitaji magoti ya kupandia daladala, kuswalia, kubebea ndoo na kukimbizia watoto wao wenyewe watakapofika miaka 34.